Doa Jeusi Mkononi mwa Wakana

Kila alipotoka shule, Chizuru alipanda ngazi hadi chumba cha kazi cha mama yake mdogo, Fumie, juu ya mgahawa wa tambi mjini Takamatsu. Alikunja taulo, akafagia, kisha akafungua vitabu. Mama mdogo aliondoa nywele za watu kwa umeme: sindano nyembamba kwenye shina la unywele, mkondo mdogo, na unywele hauoti tena.

Siku hiyo ufagio haukuguswa. Darasani walikuwa wamemwita Mzee Sharubu kwa ajili ya vinyweleo vya juu ya mdomo.

"Mama mdogo, nitoe na mimi."

"Bado unakua, mwanangu. Subiri. Na mashine usiziguse." Fumie akachukua mwavuli, akaenda sokoni.

Mvua ilizidi, chumba kikaingia giza. Chizuru akatoa kabatini mashine kuukuu.

"Ni ya betri, haiui," alimwambia rafiki yake Wakana, aliyekuja wafanye hesabu pamoja.

"Basi nijaribu mimi kwanza. Mkononi. Nikifa nitakutokea ndotoni."

Walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Chizuru alichomeka waya mbili, moja ya sindano na moja ya fimbo ya chuma, bila kutazama alama za chanya na hasi. Wakana akashika fimbo hiyo, iliyofungwa kitambaa kibichi, na Chizuru akazamisha sindano kwenye shina la unywele. Mshale wa kipimo ukatetemeka, ukapanda polepole. Hapakuwa na mlio wowote.

"Inachoma, Chizuru."

"Vumilia kidogo."

Alipoichomoa, unywele ulikuwa palepale. Kando yake palibaki doa jeusi. Walilisugua kwa sabuni, halikutoka. Wakasugua kwa spiriti. Ngozi ikavimba, doa likabaki.

Ngazi zikalia. Wakana akashusha mkono wa sare. "Tuseme ni penseli."

"Mbona mmepauka hivyo?" Fumie aliuliza mlangoni.

"Penseli imenichoma, Shangazi."

Chizuru akaupandisha tena mkono wa sare ya mwenzake. "Si penseli. Ni mimi, kwa mashine yako."

Fumie hakugomba. Alimpigia simu mama yake Wakana, wakaenda wote kwa daktari. Daktari alisafisha kidonda, akampa dawa. Alisema uvimbe ungeisha, doa huenda lingefifia, huenda lisifutike.

Kesho yake Fumie aliwaita wote wawili. Akatumbukiza sindano mbili kwenye glasi ya maji ya chumvi, akaziunganisha na betri.

"Tazameni. Hii ya upande hasi inatoa mapovu. Hapo maji ya chumvi yanageuka kuwa magadi makali. Ngozi nayo ina maji na chumvi, na magadi hayo ndiyo huua mzizi wa unywele, si joto. Sasa tazameni ya upande chanya."

Sindano ya pili ilikuwa inaliwa, maji yakigeuka rangi ya kutu.

"Jana mligeuza waya, sindano ikawa upande chanya. Chuma kikayeyuka ndani ya ngozi ya Wakana."

Chizuru aligusa juu ya mdomo wake. "Lingekuwa hapa."

"Lingekuwa hapo, kila mtu akiliona. Chombo usichokijua usikijaribu kwenye mwili, wako wala wa mwenzako. Nywele zako zina wakati wake, na wanaokucheka watachoka. Ila jana ulisema kweli, ndiyo maana kidonda kimetibiwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."