Soko Likinyamaza

Asubuhi ile watu walikuwa wamefurika mbele ya lifti, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa kiwiko na kumwomba radhi kwa mdomo. Binti mwenye gauni la kijani alijipenyeza wa mwisho. Milango ikajifunga, na ncha ya mtandio wake ikabaki nje.

"Dada, chagua haraka," alisema kijana mmoja mrefu kama ngongoti, tayari ameushika mtandio. "Shingo au kitambaa?"

"Shingo!"

Akauchana. Watu wakaangua kicheko, na binti naye akacheka, mkono ukiwa kooni. Walishukia ghorofa ile ile, wakaingia mlango ule ule. Kumbe kijana ndiye mhandisi mpya wa programu, na ofisi ile ni ya mjomba wa binti.

Mjomba ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Binti alilala nyumbani kwa mjomba, akaenda kazini kwa gari la mjomba, akarudi naye. Akichelewa kidogo mapumziko ya mchana, simu inaita: "Uko wapi?" Wema ule ulimbana kila upande, na hakujua amlalamikie nani.

Ngongoti, maana jina hilo lilimganda, alitengeneza chombo cha kuchota bei kutoka masoko ya hisa na ya sarafu, kisha kuzipelekea programu za akili mnemba zinazonunua na kuuza zenyewe. Binti aliandika maelezo ya kukitumia. Wasomaji wake hawakuwa watu. Zilikuwa programu hizo hizo, na zilitenda alivyoandika, bila kuuliza.

"Hizi rasimu zako hazina nukta hata moja," binti alimwambia Ngongoti siku moja, akisoma maandishi aliyompa ayanyooshe. "Msomaji apumue wapi?"

"Kwako. Wewe ndiye nukta yangu."

"Mwone! Nani kakufundisha maneno hayo?"

Binti akawa Nukta tangu hapo. Mapenzi yao yaliishi kwenye ngazi za jengo, kwa sababu mjomba hakupanda ngazi.

Mchana mmoja, akikijaribu chombo, Nukta aliona jambo. Soko moja lilikuwa limekatikiwa mtandao, lakini chombo kiliendelea kutoa bei ile ile na kudai ni ya sasa hivi. Akamfuata mwenzake ngazini.

"Unalijua hili?"

Hakumtazama. "Nalijua."

"Watu wamekabidhi akiba zao kwa programu hizi! Zitanunua kwa bei iliyokwisha kufa!"

"Andika ulivyoambiwa, Nukta."

"Usiniite hivyo."

Nukta akaacha kupokea simu zake. Mjomba naye alimpa Nukta sentensi ya kuandika: bei zote ni za papo hapo. Uzinduzi wa chombo ulikuwa Jumatatu. Kila alipoiandika, aliifuta. Asipoiandika, je, atalala wapi?

Jumamosi simu iliita tena. Alijifungia bafuni nyumbani kwa mjomba, akafungulia bomba ili asisikike, akaipokea.

"Nisikilize, kisha ukate," alisema Ngongoti. "Nilimwomba mjomba wako muda nikirekebishe chombo. Akaniambia anajua habari zetu za ngazini. Nikifungua mdomo, wewe unatoka kwake na nguo ulizovaa."

"Kwa hiyo ulinyamaza kwa ajili yangu?"

"Ningefanyaje, mpenzi?"

"Ungeniambia! Mjomba ananiamulia niende wapi, nirudi lini. Na wewe ukaniamulia hili."

Maji yakamwagika.

"Nimekosa," alisema. "Nisamehe."

Mke wa mjomba akagonga mlango. "Wewe mtoto, unaoga au unafua?"

"Natoka, Mama!" Kisha, kwa kunong'ona: "Nimekusamehe. Lakini Jumatatu usinizuie."

Jumatatu, wageni wa uzinduzi wakiwa bado wanapiga makofi, Nukta aliandika kwenye maelezo: *Soko lisipojibu, bei utakayopewa ni ya zamani. Usinunue wala kuuza kwa bei hiyo. Mwulize mtu.* Akayaweka hewani.

Mjomba alikuja mezani kwake, tai imelegea, uso umemsawijika.

"Mimi niliyekulea?"

"Ndiyo, Mjomba, na nakushukuru. Lakini uongo huo siwezi."

"Basi kusanya vitu vyako. Hapa na nyumbani."

Ngongoti akainuka bila neno, akavua kitambulisho cha kazi, akakiweka juu ya meza.

Jioni walikutana kando ya barabara, Nukta na begi moja, akisubiri rafiki yake wa shule aje kumchukua.

"Twende kwetu," Ngongoti alimwambia, akimshika mkono. "Mama atafurahi. Nitakuoa, hata kesho."

Moyo ulimruka. Miguu haikusogea.

"Nakupenda mpaka naumwa," alisema. "Lakini nikitoka kwa mjomba nikaingia moja kwa moja kwa mume, nitakuwa nimehama chumba tu. Ngoja nipange changu. Kidogo tu, chenye mlango wangu. Uje unipose pale."

"Na nikikuta umeufunga?"

"Utapiga hodi, kama watu wengine."

Gari la rafiki yake likasimama. Ngongoti akalipakia begi mwenyewe, akafunga buti, akarudi nyuma hatua moja ili lipite.