Mtungi Uliovuta Pumzi

Mshale wa oksijeni ulianza kushuka kabla mbegu haijapandwa. Mwantum aliuona asubuhi alipoingia kazini, akaweka kikombe chake cha chai pembeni, na chai ile haikunywewa tena.

Kwa asiyeijua kazi ile, hilo si jambo la kumtoa mtu jasho. Kwa Mwantum lilikuwa sawa na kuamka ukakuta jiko linawaka na hakuna aliyeliwasha. Maabara yao ya chanjo ilikuwa nje kidogo ya Singida Mjini, kwenye njia ya Sepuka. Zamani ilikuwa ya umma. Ulipokuja wakati wa soko huria ikauzwa kwa mwekezaji, naye akapunguza watu mpaka chumba cha mtungi kikabaki na wawili: Mwantum, aliyeisomea kazi hiyo Morogoro, na fundi wake Alute, kijana wa Ikungi mwenye mikono myepesi na maneno machache.

Mtungi wenyewe ulikuwa wa chuma cha pua, mrefu kumpita mtu mzima, una pangaboi ndani la kukoroga na bomba la kuupulizia hewa kwa chini. Humo walitia supu ya moyo wa ng'ombe, wakaichemsha kwa mvuke mpaka kisibaki kiumbe hai, wakaipoza, ndipo wakapanda vijidudu vya homa ya mapafu ya ng'ombe vilivyodhoofishwa, vizaliane viwe chanjo. Vikizaliana huvuta hewa, na mshale hushuka. Lakini kabla ya kupanda, supu huachwa peke yake usiku kucha, ipulizwe hewa tu, ionekane kama ni safi. Supu safi haipumui. Mshale hukaa juu umetulia hadi kunakucha.

Asubuhi ile mshale ulikuwa unashuka, unapanda, unashuka tena. Taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Huenda kijiti kimekufa, dada," alisema Alute. Kijiti ndicho kilichozama ndani ya supu kupima hewa.

Wakakitoa. Wakabadilisha kingozi chake chembamba cha nchani, wakakipima kwa gesi isiyo na oksijeni, mshale ukalala sifuri; wakakipima kwa hewa ya kawaida, ukapanda mpaka juu. Kijiti kilikuwa kizima. Wakabadilisha waya, wakakagua mihuri ya pangaboi isije ikawa inavuja. Mwantum alichukua tone la supu akaliweka chini ya darubini, akatazama mpaka macho yakamwuma. Hakukuwa na kitu. Supu ilikuwa angavu, safi, haina hata kijidudu kimoja.

"Sasa kinachopumua ni nini?" Alute aliuliza kwa sauti ya chini.

Mwantum aliifunika darubini. Akasema wachemshe upya. Wakachemsha, wakapoza, na kesho yake mshale ukawa unashuka na kupanda vilevile, ila sasa kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo alipokumbuka mambo ya juzi.

Juzi hiyo mumewe, Haji, alikuwa amemletea chakula cha mchana. Haji aliuza vitunguu sokoni, na kama wauza vitunguu wengi alikuwa na mdomo usiolala. Alikuwa na jino bovu asilotaka kung'oa, basi kila saa alikuwa na karafuu shavuni, na ukikaa naye ulinusa karafuu kabla hujasikia utani wake. Alisimama akiupa mtungi mgongo, anafungua kawa, na nyuma yake mvuke ulikuwa ndio kwanza unaingia. Mabomba ya mvuke yakianza kupata moto hugonga. Ngo, ngo, ngo. Wafanyakazi wameyazoea. Haji hakuyazoea, alisikia mtu anabisha, na kama anavyofanya kila mstaarabu akibishiwa, alijibu bila kugeuka.

"Karibu, pita ndani."

Walimcheka. Haji mwenyewe alicheka mpaka karafuu ikamtoka. Lakini sasa Mwantum alikumbuka kuwa kugonga kule kulikoma papo hapo, wakati siku zote mabomba hugonga muda mrefu, na akakumbuka pia kuwa tangu usiku ule mumewe alikuwa analala vibaya, kifua kinamlia filimbi.

Jioni alirudi nyumbani, na walipolala alimsogelea Haji amsikilize. Pumzi zake zilikuwa za tabu, ndefu, zinakatika katikati. Hazikunuka karafuu. Zilinuka supu ya moyo wa ng'ombe, ile ile ya mtungini, yenye harufu ya hamira na nyama iliyochemka, supu ambayo Haji hakuwahi kuionja wala kuigusa, na Mwantum alikaa kitandani ameshika shuka mpaka adhana ya alfajiri, hathubutu kumwamsha, hathubutu kulala.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la kutolea hewa ya mtungi, lile linalopumulia nje dirishani, akaweka pua. Bomba lilikuwa linatoa harufu ya karafuu.

"Alute, njoo unuse hapa, halafu uniambie kama nina wazimu."

Alute alinusa, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Ni shemeji," alinong'ona. "Dada, hii ni harufu ya shemeji."

Mwantum alipiga moyo konde. Alijua dawa ya kitu kinachopumua: kinyime hewa, kitakufa. Adhuhuri ile alishika koki ya hewa, akaifunga yote. Mshale ulianguka, ukafika sifuri, ukalala. Chumba kikawa kimya, pangaboi peke yake likizunguka, na Alute akaanza kutabasamu.

Walikuwa bado wanautazama mshale wakati Yohana, jirani yake Haji pale sokoni, alipoingia na baiskeli mpaka uani, shati limelowa jasho. "Shemeji, njoo haraka. Haji kaanguka. Adhana ya adhuhuri ilipoisha tu, kashika koo kama anakabwa, kawa wa bluu midomo. Tumemlaza, hapumui vizuri."

Mwantum hakuuliza mara mbili. Aliirukia koki akaifungua, hewa ikaingia ikinguruma, mshale ukajikongoja kupanda, ndipo akatoka mbio. Alipofika sokoni alimkuta Haji ameketi juu ya gunia la vitunguu, anakunywa maji, watu wamemzunguka. Walimwambia amezinduka ghafla tu, hawajui kwa nini. Mwantum alijua. Alijua pia kuwa ni mkono wake mwenyewe uliomkaba mumewe, na alilia pale mbele ya wateja bila aibu.

Mjini palikuwa na mama mmoja mtu mzima, Bibi Swaumu, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na watu wenye matatizo ya namna ile walikwenda kwake. Alikuja maabara siku ambayo meneja, Bwana Godfrey, alikuwa amesafiri Dodoma. Alivua viatu mlangoni, akauwekea mtungi kiganja, akakaa hivyo kwa muda.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwantum, maana mpaka hapo alikuwa amesahau hata salamu.

"Marahaba, mwanangu. Nani alimkaribisha?"

"Mume wangu. Hakujua."

"Hawajui siku zote. Na nyinyi mmemfanyia nini?"

"Tumemchemsha, bibi. Kwa mvuke. Mara mbili sasa, ukihesabu na ile ya kwanza."

Bibi Swaumu alifumba macho. "Huyu ni jini, kaumbwa kwa moto, mwanangu. Mmemchemsha, akajiona yuko kwao." Alipoendelea alishusha sauti mpaka wakalazimika kumsogelea. "Hana haja na supu yenu. Humu ni barazani tu, amekaa anasubiri. Anataka mwili. Yeye na mumeo sasa wanavuta pumzi moja, huyu anavuta upande huu, yule upande ule. Siku mumeo akichoka, wanabadilishana. Huyu anatoka, mwenzake anaingia."

"Anaingia wapi?" Alute aliuliza.

Bibi alimtazama, kisha akautazama mtungi.

"Alhamisi nitakuja na wenzangu tumsomee," alisema akivaa viatu. "Mpaka hapo msimnyime hewa, na msimpe moto. Hewa isikatike hata kidogo."

Basi kazi yote aliyoisomea Mwantum ikawa hiyo moja, kulinda koki ya hewa. Alikuwa anajua kuua povu linapopanda, anajua kuziba muhuri unaovuja, anajua kumsoma mshale kama wengine wanavyosoma gazeti, na hakuna hata kimoja kilichomsaidia. Bwana Godfrey alipiga simu kuuliza chanjo iko wapi, wafugaji wanapoteza ng'ombe kila siku, supu kama imeharibika wawashe mvuke waanze upya. Mwantum alidanganya kuwa muhuri mmoja umekufa, wanasubiri mwingine. Alimwomba Mungu amfikishe Alhamisi. Mwaka ule umeme ulikuwa wa mgao, unakatwa bila taarifa, kwa hiyo alimpanga Alute alale maabara karibu na jenereta, naye akalala nyumbani karibu na Haji. Hawakuwa na watu wengine wa kuwagawa.

Jumatano usiku umeme ulikatika.

Mwantum alikuwa macho. Taa ya nje ilipozimika aliinuka kitandani, akamshika Haji mkono, akaanza kuhesabu moyoni muda wa Alute kulivuta jenereta, kompresa ya kusukuma hewa kuamka, hewa kuingia mtungini, na wakati anahesabu pumzi za Haji zilikuwa zinazidi kuwa fupi, zinapanda juu kifuani, zinafika kooni, mpaka akamwona mumewe anafungua macho katika mwanga hafifu wa dirisha na kumtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, namna ya mtu anayevutwa na mkondo wa maji na anajua kuwa aliyesimama ukingoni hana kamba.

"Mama Anifa," alisema Haji kwa shida, kwa jina la binti yao aliyekuwa shule ya bweni Kilimatinde. "Usiniachie."

"Sikuachii, Baba Anifa. Nipo."

Alimshika kwa mikono yote miwili. Pumzi ikakatika. Alimwita, akamtikisa, akamwekea sikio kifuani, hakusikia chochote, na giza lile likawa refu mno. Halafu kifua kikainuka chenyewe. Pumzi moja kubwa, safi, isiyo na filimbi. Ikafuata nyingine. Haji akageukia ukutani, akalala usingizi mzito kama hajawahi kuumwa. Mwantum aliangua kilio cha shukrani, akamshukuru Mungu, akamshukuru na Alute kwa jenereta lake.

Kulipokucha mumewe alikuwa ameshaamka, ameketi uani, mzima kabisa. Alimsalimia vizuri. Alimwita kwa jina lake, Mwantum.

Katika miaka yote ya ndoa Haji hakuwahi kumwita hivyo. Lakini mtu aliyetoka kuumwa anaweza kusema lolote, alijiambia, akabandika uji wa asubuhi jikoni, akatoka mbio kwenda kumpa Alute habari njema.

Alute alikuwa ameketi kizingitini, macho mekundu, masizi ya jenereta mpaka nywele. Nyuma yake mtungi ulikuwa umetulia. Mshale ulikuwa juu, hautikisiki.

"Limekwisha, dada," alisema. Kulikuwa na fahari sautini mwake. "Jenereta lilikataa muda mrefu, nikajua shemeji tumempoteza. Lilipowaka, mtungi ukaanza kuongea."

"Kuongea nini?"

"Linaiga sauti ya shemeji. Linaniita kwa jina. 'Alute, ndugu yangu, nitoe, ni mimi Haji.' Linalia kabisa. Nikasema huu sasa ndio ujanja wao, linataka nifungue mfuniko litoke." Alipangusa uso kwa mkono. "Bibi alisema tusilipe moto. Lakini liliniita jina langu, dada, nifanye nini? Nikawasha boila. Nikafungua mvuke wote. Lilipiga kelele kwa muda, linagonga kuta, linasema linaungua. Halafu likanyamaza. Safari hii limekufa kweli."

Mwantum alikwenda kwenye mtungi. Chuma kilikuwa bado cha moto. Aliweka viganja vyote viwili juu yake, ngozi ikaungua, hakuviondoa. Yule wa kwanza alichemshwa akatoka mzima, kwa sababu alikuwa wa moto. Haji alikuwa wa udongo.

"Dada, mikono," Alute alisema. "Dada, unaungua. Kwani nimekosea?"

Alimtazama kijana wa watu, aliyekesha kwa ajili yake. Akamwambia hajakosea. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kwenda. Mwanamume yule alikuwa ameingia jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga, anautazama moto kwa mapenzi. Sufuria la uji lilikuwa linatokota mpaka linaruka matone. Alichota bakuli likajaa, mvuke ukamfunika uso, akaliinua mdomoni akanywa lote kwa mkupuo mmoja, bila kupuliza.

Akafuta midomo. Akamnyooshea bakuli.

"Niongezee, Mwantum," alisema kwa upole.

Mwantum akachukua upawa kwa viganja vyake vilivyobabuka, akamwongezea.