Bahari Ikijivuta Ghafla, Panda Kilimani

Kila kiangazi, maji ya ziwa la chumvi yaliporudi nyuma, Rahabu wa kijiji cha Mandewa aliwahi na kibuyu chake. Matope yalikauka, ikabaki chumvi nyeupe, kama wingu lililolala chini. Aliyechelewa alikuta wenzake wamekwisha kuikwangua.

Sasa bintiye, Hana, alikuwa anahamia Kilwa kwa mumewe, na mwanawe mchanga, Eliya, mgongoni. Rahabu hakuwahi kuiona bahari. Aliiota tu: ziwa lisilo na ng'ambo, linalopumua.

"Mwanangu," alimwambia wakifunga mizigo, "ukiona maji yamejivuta, kimbilia chumvi mapema. Usiwe mvivu kama ulivyokuwa huku."

Jirani yao Agripina, anayefanya kazi kituo cha hali ya hewa, alikuwa mlangoni. Alishtuka.

"Dada Rahabu, utamuua mwanao!"

"Kwa chumvi?" Rahabu alicheka.

"Kwa kuyafuata maji. Ziwa letu hukaushwa na jua, polepole. Bahari nayo hupwa na kujaa kila siku, taratibu. Lakini ikijivuta ghafla, ikaacha samaki wanarukaruka, hiyo ni dalili ya tsunami. Ardhi imetikisika chini ya bahari, na maji yatarudi kwa nguvu ya kubomoa nyumba."

"Mama mdogo, siku yake haijulikani?" Hana aliuliza.

"Siku ya tetemeko hakuna aijuaye. Likishatokea, vipimo vya baharini huonyesha kama wimbi linakuja, na tahadhari hutolewa redioni. Lakini ukiwa pwani, ardhi ikatikisika sana au kwa muda mrefu, usingoje tangazo. Panda kilimani. Wimbi la kwanza likipita, usishuke. Mengine hufuata, na yanaweza kuwa makubwa zaidi. Ukifika tu Kilwa, itafute njia ya kupandia."

Rahabu aliuweka mzigo chini. Kisha akamshika bintiye mkono. "Umesikia? Yale yangu yasahau."

Asubuhi moja, miezi mingi baadaye, simu iliita. Hana alikuwa anahema.

"Mama, ardhi imetikisika! Niko kilimani na Eliya. Majirani wapo pia. Njia niliwaonyesha tangu nilipofika."

"Na mumeo?"

"Alisema nakimbia kama mbuzi. Halafu akanipita mbio!"

Rahabu alicheka huku machozi yanamtoka. Hakukata simu. Alisikia upepo wa mbali, na sauti za watu asiowajua, wote wazima. Mwishowe redio ya mtu ikatangaza kuwa hakuna wimbi, watu warudi nyumbani.

"Tunashuka, mama. Mtoto amelala."

"Mshikilie vizuri," Rahabu alinong'ona. "Teremka taratibu."