Chupa Mbili za Mafuta Mekundu

Odile Lagasse alikutwa amelala kifudifudi nyuma ya nyumba ya trela ya Leo Boutot, kichwa kimepasuliwa, damu imeganda kwenye theluji kuizunguka kofia yake ya sufi. Aliyempiga hakupiga mara moja. Daktari wa polisi alihesabu majeraha saba, matano kati yake mama wa watu akiwa tayari chini. Kwenye mfupa wa fuvu zilionekana alama za meno ya chuma, mstari kwa mstari.

Inspekta Noella Corriveau alichuchumaa kando ya maiti, akajikaza. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, ile ya bondeni kwao inayofanya pua zishikane ndani kwa kila pumzi. Alimfahamu marehemu. Nani asiyemfahamu? Odile ndiye aliyekuwa akijaza fomu za msaada wa serikali wa kupashia nyumba joto, na wale wasioweza kufika ofisini aliwafuata majumbani, kalamu inaning'inia shingoni kwa uzi. Mpole yule mama, ila mbishi kwa jambo moja: fomu haitoki mkononi mwake ikiwa na kosa.

"Kesi imekwisha, afande," alisema Tardif, naibu wa sherifu, huku akipigapiga miguu chini. "Leo Boutot yuko mahabusu. Juzi aliingia ofisini kwa Odile, akapiga meza, akasema mke wake akifa kwa baridi ataua mtu. Haya, ameua."

"Amekiri?"

"Atakiri. Nimeshaanza kumlainisha."

Noella alijua Tardif hulainisha watu kwa ngumi, akauma meno. Mzee Leo ana miaka sabini na minne. Tena kesho saa tatu angesimamishwa mbele ya hakimu, na mkewe Blandine, anayepumua kwa mashine, ambulensi imeshamchukua na mipango ni kumpeleka kwenye nyumba ya wazee huko kusini, safari ya siku nzima. Mzee Leo akifunguliwa mashtaka, wale wawili ndio wameagana, na hakuna hata aliyewapa nafasi ya kuagana.

Halafu kulikuwa na deni, lisilolipika. Januari ya mwaka jana Leo ndiye aliyevunja mlango wa trela ya jirani, hatua thelathini kutoka pale, akamkuta Philomène Corriveau, mama mzazi wa Noella, ameganda kwenye sakafu ya jiko. Kabla ya kupiga simu popote alivua koti lake akamfunika. Ripoti aliiandika Tardif: tangi lina mafuta, hita nzima, marehemu aliizima mwenyewe kwa kubana matumizi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimevilia damu, kucha imekuwa nyeusi, lakini hakuna aliyejishughulisha nacho. Mji mzima ukasema Philomène kafa kwa ubahili wake. Noella naye akaamini, kwa sababu mama yake alikuwa anafua hata mifuko ya plastiki. Leo peke yake ndiye aliyekataa, akakataa hadi watu wakamchoka.

Noella akaunyanyua mkono wa kulia wa maiti. Glavu ilikuwa nyekundu kuanzia vidoleni hadi kiganjani.

"Damu," alisema Tardif.

"Damu ile pale, nyeusi na ngumu. Hii ni laini. Nusa."

Tardif akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Ilinuka mafuta. Kwenye mfuko wa koti la Odile kulikuwa na mfuniko wa chupa ya jemu, bila chupa. Na nyayo zake kwenye theluji zilieleza mwendo mzima: alianzia kwenye tangi la nyuma ya trela ya Philomène, trela ambayo haijakaliwa na mtu mwaka mzima, kisha akaja hapa kwenye tangi la Leo. Noella aliziangalia zile nyayo kwa muda. Alijilazimisha kugeuka. Kwanza tangi la Leo.

Geji ya tangi ilisema robo tatu. Ndani ya trela hita ilikuwa imekufa na barafu imeota kwenye vioo, upande wa ndani. Noella alirudi nje akafungua koki ya chini ya tangi. Mwanzoni hapakutoka kitu. Halafu ikaanza kusukumika taratibu, kama dawa ya meno, jeli nyekundu.

Sasa, mtu yeyote aliyezaliwa bonde lile anajua jambo hili kabla hajajua kusoma. Tangi lililo ndani, chini ya nyumba, unatia mafuta mekundu. Tangi lililo nje unatia mafuta ya taa, meupe kama maji, kwa sababu hayo baridi hayaoni. Ukiyatia mekundu kwenye tangi la nje, baridi kali ikija yanaganda na hita inakabwa koo. Hali ya hewa ikipata nafuu yanayeyuka, hita inawaka, na mwenye nyumba anaonekana mwongo. Dereva wa mafuta hawezi kukosea hapo labda atake mwenyewe.

Stakabadhi iliyoning'inia kwenye kitasa cha mlango ilikuwa na jina la Clovis Saindon, muuza mafuta wa bonde lile. Imeandikwa: mafuta ya taa.

Noella na Tardif waliingia uani kwa Clovis saa sita kasoro. Alikuwa mkarimu, jitu la miraba minne lenye sauti ya kanisani, na yeye ni mmoja wa sita waliobeba jeneza la Philomène. Alimwita Noella binti yangu, akawaambia mkewe anakaanga zile chapati za unga wa bakwiti, nafaka ya kwao, waingie wale kwanza, polisi gani hawa wanaotembea na njaa. Habari za Odile alikuwa amezisikia, akasikitika sana, akajipangusa jicho.

"Mara ya mwisho kufika kwa Leo ni lini?" aliuliza Noella.

"Wiki tatu zilizopita. Nilimmwagia meupe, tangi likajaa."

"Si baada ya hapo?"

"Nikafanye nini, binti yangu? Kuangalia theluji?"

Noella alikuwa anatazama ubavu wa lori. Vifaa vilipangwa kwenye vishikio vyake, vyote vyeusi kwa grisi ya miaka ishirini. Spana ya mabomba peke yake ilikuwa inang'aa, na karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye mpini.

"Ile ya zamani iko wapi?"

Clovis alitabasamu. Aliinyoosha mikono akaichomoa spana mpya kama anayetaka kumwonyesha, halafu akaizungusha.

Noella aliinua mkono wa kushoto na mfupa ukalia kama kuni kavu. Pigo la pili lilimkosa kichwa likapasua kioo cha lori. Tardif alikuwa anahangaika kuvua glavu ili aifikie bastola, na zile glavu zikagoma. Clovis akamkaba Noella kwa mkono mmoja, akamgandamiza kwenye tangi la lori hadi miguu ikaning'inia. Macho yalianza kumwingia giza. Mkono wake wa kulia ukapapasa, ukakutana na bomba la kumwagia mafuta, akalichomoa na kumpiga nalo la mdomo. Meno yakatoka. Akampiga la goti, Clovis akaenda chini akinguruma. Akampiga tena akiwa chini, na tena, na kila pigo lilikuwa zito kuliko lililotangulia.

"Afande, inatosha," Tardif alisema akimshika kiuno. "Utamuua."

Huyo aliyekuwa analainisha mzee wa miaka sabini na minne ndiye sasa anahubiri. Noella alilitupa bomba chini, akatapika kwenye theluji, kisha akaenda kupekua lori.

Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na tambara, na ndani ya tambara chupa mbili za jemu. Moja haikuwa na mfuniko. Imebandikwa karatasi, mwandiko wa Odile: Boutot. Ya pili ilikuwa imefunikwa vizuri. Mwandiko uleule: P. Corriveau, tangi halijaguswa tangu afariki.

Noella aliisoma mara tatu. Kisha akafunga mlango wa lori taratibu, akasema jambo moja tu, kwamba apigiwe simu daktari wa mkono.

Saa tisa Clovis aliketi kwenye chumba cha mahojiano, pingu mkononi, midomo imevimba. Alisomewa haki zake akasema wakili wa nini. Noella aliingia, mkono umefungwa bandeji ngumu, akaweka chupa ya Boutot mezani. Joto la lori lilikuwa limeyayeyusha mafuta. Yalitikisika ndani, mekundu, mepesi.

"Unaona?" alisema Clovis. "Yanatiririka. Mafuta mazuri."

"Ni mekundu. Stakabadhi inasema meupe."

"Nilikosea bomba. Binadamu."

"Sawa." Noella alifungua dirisha, akaiweka chupa nje kwenye kizingiti, akafunga. "Tusubiri."

Wakasubiri. Alimuuliza spana ya zamani iko wapi, akasema imepotea. Alimuuliza chupa zilifikaje kwenye lori lake, akasema kaziokota. Alimuuliza kwa nini hakuzitupa.

"Nitupe wapi?" alisema kwa hasira. "Theluji ikiyeyuka Aprili kila kitu kinaonekana."

"Kwa hiyo ulikuwa na cha kuficha."

 Dakika tisini zilipita, jua linaelekea kuzama. Noella alifungua dirisha, akaichukua ile chupa na kuipindua juu ya meza, mbele ya uso wa Clovis, mdomo chini. Hakikudondoka kitu. Jeli nyekundu ilikaa palepale ndani ya glasi.

"Blandine Boutot alikuwa anapumua kwa mashine akitegemea tangi la uchafu huu limpe joto," alisema Noella. "Sema."

Mabega ya Clovis yakashuka, na maneno yakatoka yenyewe. Alianza miaka miwili nyuma. Serikali inalipia meupe, yeye anamwaga mekundu ya bei rahisi na tofauti anaitia mfukoni, na alifanya hivyo kwa watu wa msaada peke yao.

"Kwa nini wao?"

"Kwa sababu hawakulipa wao. Mtu asiyelipa akilalamika, nani anamsikiliza?"

"Odile."

"Odile," alikubali. Leo alipopiga ile meza, kila mtu alisikia tusi. Odile alisikia kwamba fomu yake ina kosa. Alimpigia Clovis simu alfajiri, akamwambia aje ayatoe mafuta kabla mtu mwingine hajafa. Clovis akaja. Akamkuta kashika chupa mbili. "Ya Leo tungeyamaliza. Lakini akaniinulia hiyo nyingine. Akasema hii si fomu tena, Clovis, haya ni mauaji."

"Ukampiga."

"Nikampiga na spana. Iko kisimani kwangu."

"Mara saba?"

Clovis aliyafumba macho. "Alikuwa anaendelea kulitaja jina la mama yako."

 Tardif, aliyekuwa mlangoni, alikuwa anatazama viatu vyake. Noella aliuliza swali la mwisho, sauti yake haikutikisika, na mimi sijui aliitoa wapi.

"Mama yangu alikupigia simu usiku ule?"

"Mara nne."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia abonyeze kitufe cha kuwashia hita. Asubiri, abonyeze tena."

Noella akakitazama kidole gumba cha mkono wake mzima, akaikumbuka kucha nyeusi ya mama yake. Kisha alitoka nje ya chumba, akafika hadi kwenye kona ya korido, akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya makarani.

Alipomaliza aliwapigia simu hospitali, akawaambia Blandine asisafirishwe kwenda popote. Kisha akachukua funguo yeye mwenyewe na kufungua mahabusu. Leo alikuwa amekaa kwenye ubao, jicho moja limefumba kwa kipigo cha Tardif. Hakuuliza nani kaua. Aliuliza Blandine yuko wapi, na kama kuna joto alipo.

"Lipo, Mzee Leo. Anakusubiri. Nakupeleka sasa hivi."

Mzee akasimama kwa shida, akashika nguzo. Akamtazama usoni, akaona macho yalivyovimba, akaelewa.

"Nilikuambia mama yako hakuizima ile hita," alisema.

"Uliniambia."

Noella alivua koti lake kwa mkono mmoja, akamvika mabegani.