Kioo Alichokifunga Batuli

Jabiri alimkanyagia Batuli khanga mpya katikati ya soko la Arusha, enzi za Mwingereza. Alikuwa dereva wa mzungu mwenye shamba la kahawa, shati jeupe, kofia imekaa upande.

"Samahani, bibie. Nitakufulia."

"Wewe? Hata hilo shati umefuliwa na mama yako."

"Basi nitafutie mwingine wa kunifulia."

Batuli alicheka. Alikuwa mjane mwenye binti wa miaka miwili, Mwanamkuu. Haukupita muda mrefu posa ikapokelewa.

Jumamosi moja Jabiri aliruhusiwa kutumia gari la mzungu, wakaenda kuchagua nguo za harusi. Mtoto akalala kiti cha nyuma. Vumbi lilikuwa jingi, Batuli akapandisha vioo vyote.

"Tumwamshe?" Jabiri aliuliza.

"Mwache, mpenzi. Hatukawii. Leo hata jua halina ukali."

Walikawia. Dukani doti ilifuata doti, utani ukafuata utani. Waliporudi, ndani ya gari palikuwa kama tanuri, na Mwanamkuu hakuamka.

"Gari lililofungwa hupata moto upesi, hata huku kwenye baridi," daktari aliwaambia taratibu. "Mtoto mdogo hastahimili."

Ndugu walipouliza nani alimfungia mtoto, Jabiri alijibu, "Mimi." Batuli alisikia, akanyamaza.

Jabiri alifukuzwa kazi, akatukanwa mitaani, akaacha kuja kwa kina Batuli. Batuli alidhani amemchukia. Alipika, akafagia, akaitikia salamu. Chakula hakikuwa na ladha. Machozi hayakutoka.

Miezi ikapita. Siku moja alimkuta Jabiri kwenye gereji moja mtaa wa Ngarenaro, mikono imejaa grisi.

"Nimewaambia nyumbani asubuhi hii," Batuli alisema. "Kwamba vioo nilifunga mimi, na mimi ndiye niliyesema tumwache."

"Wamesemaje?"

"Mama aliinuka, akatoka nje." Alimsogelea. "Kwa nini lawama ulibeba wewe?"

"Ulikuwa umeshafiwa na mtoto. Sikutaka wakuongezee uchungu." Jabiri alifuta mikono. "Nikadhani hutaki kuniona tena."

"Mimi nilidhani wewe ndiye hutaki. Siwezi kulia, Jabiri. Mpaka leo."

"Hata mimi."

"Posa yako bado ipo?"

"Ipo."

"Basi njoo Ijumaa na shehe. Ngoma sitaki."

Jabiri aliitikia kwa kichwa. Batuli alingoja furaha imjie, au kilio. Hakikuja kitu. Akakaa juu ya tairi kuukuu, akamsubiri amalize kazi.