Barua Moja kwa Watu Arobaini

Kila asubuhi nilimbeba binti yangu mgongoni mpaka kwa Sista. Kidoti alikuwa na miaka saba, na mzito si mchezo. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake iko sawa, tena ana maneno kuliko mimi, lakini miguu haimtii.

"Mama, unahema kama pikipiki mbovu," aliniambia sikioni.

"Shuka basi utembee," nilimjibu. Tulicheka wote wawili. Waliotusikia walidhani nina roho mbaya.

Sista ni muuguzi mstaafu. Alikodi vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, akakusanya watoto kumi na wanne wenye shida kama ya Kidoti. Chumba kimoja kilikuwa na magodoro ya kulalia. Kingine kilikuwa na mbao mbili ndefu za kushikia, za kimo cha kiuno cha mtoto. Mara mbili kwa wiki alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Watoto walimwita Mjomba Kunja, kwa sababu kazi yake ni "kunja, nyoosha, kunja, nyoosha" tangu asubuhi. Alihangaika na miguu ya Kidoti mwaka mzima. Siku moja mtoto akasimama katikati ya zile mbao, ameshika huku na huku, hakuna aliyemwegemeza. Nililia mbele za watu, wala sikuona aibu.

Mimi ni msusi. Kidoti akiwa kwa Sista, mimi nasuka. Mume wangu ni mlinzi, mshahara wake unaishia njiani.

Sasa, mshahara wa Mjomba Kunja na kodi ya vyumba vilitoka kwa shirika moja tu. Shirika hilo likafunga shughuli zake. Sista akatuita wazazi. Aliongea kwa sauti ndogo, nikajua mambo yameharibika, maana Sista hana sauti ndogo.

"Tuna mwezi mmoja," alisema. "Baada ya hapo nafunga mlango."

Wazazi waliangalia sakafu. Mimi na mdomo wangu nikadakia, "Nipeni kalamu. Nitawaandikia watu mpaka walie."

Niliandika usiku kucha. Nilianza hivi: "Mheshimiwa Mfadhili, watoto wetu wanateseka na hakuna mtu hata mmoja anayetusaidia." Juu niliweka picha ya Kidoti akilia. Nikatoa nakala arobaini.

Mume wangu alichungulia bahasha. "Hata Seremala unampelekea?"

"Barua ni barua. Kwani yeye si mtu?"

"Haya, Mama Kidoti. Unajua wewe."

Wiki zikapita, kimya. Mtu mmoja tu ndiye aliyejibu, naye alikuwa Seremala. Huyu ndiye aliyetengeneza mbao za kushikia. Ndiye aliyetengeneza viti vya watoto wote, kila kiti kwa kipimo cha mgongo wa mwenye kiti, bila kutaka malipo. Alikuja saluni, akaweka barua juu ya meza ya vitana.

"Hapa umeandika hakuna mtu hata mmoja," alisema. "Vile viti vilijileta vyenyewe?"

Akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kwa Sista.

Mwezi ukaisha. Mjomba Kunja akapata kazi kwingine, na Sista akarudisha funguo. Kidoti akawa analala saluni, kwenye godoro pembeni ya beseni la kuoshea nywele. Nilijaribu kumkunja na kumnyoosha mwenyewe, lakini sikujua, nikawa namuumiza. Miguu ikaanza kukakamaa. Magoti yakavutana. Jioni nikimbeba sikusikia utani wowote sikioni. Nilikuwa nalia ndani ya choo cha saluni, bomba likiwa wazi ili wateja wasisikie.

Jumamosi moja akaja mteja wangu wa siku nyingi, tunamwita Dada wa Ofisini. Ofisi yao inatoa fedha kwa vikundi, na kazi yake ni kusoma maombi. Alimwona Kidoti pale chini, akauliza kulikoni. Nikamweleza.

"Ilete hiyo barua," alisema. "Si nimekaa tu hapa."

Alisoma huku nasuka. "Mliwapelekea nani?"

"Wote."

"Wote nani?"

"Wote ni wote, Dada! Maduka, maofisi, majirani, Seremala, na mwalimu mmoja mstaafu anayetutumia chochote kila mwezi."

"Barua hiihii?"

"Hiihii. Ina kasoro gani?" Nilivuta nywele kwa nguvu.

"Aa! Unanisuka au unaning'oa? Hebu niambie. Mimi nikikaa hapa, unaniongelesha nini?"

"Habari za kazini kwako, na za watoto."

"Na yule mama aliyetoka sasa hivi?"

"Yule hataki maneno. Ukimwongelesha, harudi."

"Na bibi harusi?"

"Huyo nampa sifa mwanzo mwisho."

"Nani alikufundisha?"

"Nifundishwe na nani? Si nawajua watu wangu!"

"Na hawa arobaini ni watu wako. Mbona kwenye barua umewafanya wote mtu mmoja?"

Niliweka kitana chini, nikaitazama barua mkononi mwake.

"Mwenye duka kubwa hana muda wa kusoma ukurasa mzima," aliendelea. "Mfuate mwenyewe, asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Mwombe kitu kimoja anachoweza kukiona, kwa mfano kodi ya vyumba. Muulize kama angependa jina la duka liandikwe ukutani. Wengine wanapenda, wengine hawataki kabisa. Uliza, usikisie. Huyo mwalimu, je? Mara ya mwisho mlimshukuru lini?"

Sikujua. Kusema kweli, hatukuwahi.

"Miaka yote hiyo anatuma, hamjamwambia hata asante, halafu mnamwandikia kama mgeni! Mwandikie kwa mkono wako. Mwambie mtoto anaendeleaje, basi. Usimwombe kwanza. Majirani ambao hawana kitu, waombe muda: kufua mashuka, kuwashika watoto wakati wa kula. Ofisi kama yetu, usitulilie. Sisi tuna fomu. Tunataka kujua watoto wangapi, mnafanya nini, fedha itatumikaje, na mtatuonyeshaje kwamba imefanya kazi. Barua yako haina hata idadi ya watoto. Na fomu yenu sitaisoma mimi, nitampa mwenzangu, maana mimi na wewe tunafahamiana. Halafu hii picha. Mtoto mwenyewe alikubali?"

Kidoti akajibu kutoka kwenye godoro. "Sikukubali. Na nilikuwa nalia kwa sababu Mama alinikanyaga kidole."

Dada wa Ofisini hakucheka. Nami sikucheka. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

"Na Seremala nimwandikie nini?" niliuliza.

"Huyo usimwandikie. Huyo nenda."

Nilikwenda siku hiyohiyo. Alikuwa anapiga randa, hakuinua kichwa.

"Sikuja kuomba kitu," nilisema. "Nimekuja kuomba msamaha."

Randa ikaendelea kidogo, ikasimama. "Mimi sijui kusoma," alisema. "Barua ile nilisomewa na mwanangu. Namwambiaga kila siku kwamba baba yako anasaidia watoto. Alipofika pale palipoandikwa hakuna mtu hata mmoja, akaniangalia."

Nililia palepale kwenye maranda. Alinipa kitambaa chake, kimejaa vumbi la mbao, nikajifuta hivyohivyo.

Basi tukaanza upya. Sista na mimi tulimfuata mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tunayemwita Bosi Saruji. Alitusikiliza akiwa amesimama. Akakubali kulipa kodi ya vyumba ya mwaka, na jina la duka akalitaka ukutani, tena kwa herufi kubwa. Tukampa. Seremala alikuja kukaza viti bila kuombwa, na safari hii alimleta mwanawe aone. Majirani wawili walijiandikisha kufua mashuka. Fomu ya ofisini tuliijaza Sista, mume wangu na mimi, tukagombana juu ya kila mstari. Jibu la ndiyo lilichukua miezi mitatu.

Miezi mitatu, juu ya zile wiki zote Kidoti alizokwisha kulala saluni bila mazoezi. Mjomba Kunja aliporudi, sasa akilipwa na ile ofisi, alimlaza Kidoti kwenye godoro, akashika goti, akajaribu kulinyoosha. Kidoti akapiga kelele. Mjomba akaliachia goti.

"Aliwahi kusimama mpaka Sista akahesabu ishirini," alisema. "Mama Kidoti, tumerudi nyuma kuliko tulikoanzia."

Nilitaka kumuuliza kama ni mimi. Sikuuliza. Jibu nilikuwa nalo.

Sasa vyumba viko wazi siku tano kwa wiki, na watoto ni kumi na tisa. Kila anayetusaidia ana ukurasa wake kwenye daftari langu: anapenda nini, hapendi nini, tulimshukuru lini. Ukurasa wa Mwalimu ndio naujaza kwa uangalifu zaidi.

Juzi, baada ya wiki kumi na moja za kunja nyoosha, Kidoti alisimama tena. Sista alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Magoti yakaishiwa nguvu, Mjomba akamdaka.

Jioni nilikaa na Kidoti kumwandikia Mwalimu. Kalamu ilinisimama. Nilitamani kuandika ishirini, mzee wa watu afurahi.

"Andika tatu," Kidoti alisema. "Ni zangu."

Nikaandika tatu.