Zebaki ya Mwalubungo

Kinyonyazebaki, mashine ya kusafisha udongo, kilimeza tani sita za udongo kwa mkupuo. Ndani ya tumbo lake la chuma udongo ulipashwa joto hadi nyuzi mia sita, zebaki ikageuka mvuke, mvuke ukapozwa kwenye mabomba ya barafu na zebaki ikachuruzika chupani, nzito, iking'aa. Upande wa pili roboti zilitandaza udongo safi. Kwa miaka sitini wachimba dhahabu wa Mwalubungo walikuwa wamemwaga sumu ile ardhini. Sasa ilikuwa ikitolewa.

Mhandisi Nyamizi Lushinge ndiye aliyekibuni. Kazi ya mwisho ilikuwa ya kampuni iliyomwajiri: kusaga zebaki pamoja na salfa mpaka iwe jiwe jeusi lisilotoa mvuke, kisha kulizika kwenye shimo la zege.

Alasiri moja alipita mtaa wa Kisuguni kupima hewa. Kipimo kikapiga kelele mbele ya nyumba ya Ng'washi, mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano, aliyekuwa amechuchumaa akichoma dhahabu iliyonaswa kwa zebaki kwenye kikaango. Mikono yake ilitetemeka. Kando yake palikuwa na chupa ya chuma yenye nembo ya Kinyonyazebaki.

"Dada, zima moto! Hii umeitoa wapi?"

"Tunauziwa na magari ya kampuni yenu," Ng'washi alisema, akishangaa. "Wanasema hii haidhuru, imeshasafishwa na mashine."

Nyamizi alimwaga maji juu ya makaa, akamtoa Ng'washi nje ya ule moshi. Kisha akaondoka bila kuaga.

Ofisini, Mkurugenzi Rwezaura wa kampuni hakukana kwamba zebaki inauzwa.

"Nyamizi, mimi nakuheshimu. Lakini fikiri. Udongo ukiisha uchafu, mimi na wewe tutafanya nini hapa?"

"Kwa hiyo tunasafisha huku, tunachafua kule?"

"Watu wale wangeinunua popote."

"Mwanamke ana mimba, Bosi! Anavuta mvuke wa zebaki niliyoitoa mimi ardhini!"

"Punguza sauti."

Hakupunguza. Alitoka akipiga mlango, akaenda moja kwa moja kwenye ghala, akafunga lango kwa ndani. Chupa mia mbili na kumi zilipangwa pale, tayari kupakiwa. Akaiamuru roboti ya ghala izimimine zote kwenye kinu cha salfa. Rwezaura aligonga, akatukana, akaita walinzi. Walipolivunja lango, kinu kilikuwa kimeshatema mawe meusi yasiyoweza kuuzwa, na picha za chupa pamoja na namba za magari, alizozituma Nyamizi, zilikuwa zimefika kwenye simu za Mwalubungo nzima.

Nyamizi alifukuzwa kazi papo hapo. Wiki iliyofuata wanawake wa Kisuguni walilala barabarani, magari ya kampuni yakashindwa kupita.

Nyamizi alimpeleka Ng'washi hospitali. Daktari alisoma majibu ya damu mara mbili.

"Mtoto tutamfuatilia. Kwa sasa siwezi kukuahidi kitu, mama." Akachukua kalamu. "Hii zebaki umeipata wapi?"

Ng'washi alimtazama Nyamizi, akainamisha macho. "Sokoni tu," akanong'ona.

"Usinilinde," Nyamizi alisema. Akamgeukia daktari. "Imetoka kwenye kampuni ya Kinyonyazebaki. Mimi nilikuwa mhandisi wao. Andika hivyo hivyo, na jina langu liandike kwa kirefu."